Mdogo Wetu Mbaraka

Asubuhi aliyofika, ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba tuliliona godoro kabla ya kumwona mtu. Lilipanda ngazi za udongo kutoka barabarani, limekunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani, likasimama mbele ya geti letu. Ukungu uliposogea kidogo tukaona kwamba chini ya godoro kulikuwa na mzee aliyepita miaka sabini, amevaa kanzu na koti la suti juu yake. Kwa mkono mmoja alishika ndoo mpya ya plastiki, kwa mwingine fyekeo na fagio la chelewa.

Godoro, ndoo, fyekeo, fagio. Kila aliyewahi kusoma bweni anajua maana yake. Nilichungulia nyuma ya mzee nikimtafuta mwanafunzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndipo kwa Mama Yunis wa yatima?"

"Ndipo. Karibu sana. Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani?"

"Uliyemleta."

Alilishusha godoro taratibu, akaliegemeza kwenye nguzo ya geti na kulipangusa umande. "Nimejileta mwenyewe," akasema. "Naitwa Mbaraka, natokea Magoma. Baba yangu amefariki, matanga tumeanua juzi. Mama alitangulia zamani. Nimekuja kujiunga."

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, shahada ya ualimu, na wakati nikisubiri ajira nilikuwa najitolea katika kituo hicho kilichopo juu ya Soni. Niliwafundisha kusoma na kuandika watoto waliochelewa kuanza shule. Chuoni tulisoma saikolojia ya mtoto kwa mihula miwili. Hakuna mhadhara hata mmoja uliogusa jambo hili.

Nikamwita Mama Yunis. Alitoka jikoni akijifuta mikono kwa khanga. Ni mjane wa Kilutheri, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyeongoza kwaya muda mrefu. Nilimweleza pembeni, nikitegemea acheke. Hakucheka.

"Nani amekwambia habari zetu?" akamuuliza mgeni.

"Dereva wa lori la kabichi, pale sokoni Magoma. Alisema kuna mama huko mlimani anapokea yatima na haulizi umri."

"Ni kweli. Siulizi."

"Mama," nikasema, "huulizi kwa sababu watoto wengi hawajui..."

"Mwalimu Kristian, siulizi maana yake siulizi. Nikianza kuuliza leo, kesho nitakuwa namuuliza kila mtu."

Hapa lazima nieleze sheria ya geti, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Watoto wa Mama Yunis walifika na umri wa kukisiwa. Shangazi alisema minane, mjomba alisema kumi, na wakubwa wa kimo walitumia ukubwa huo kuwapora wadogo maharage. Basi Mama Yunis akaamua kwamba ndani ya geti lake umri huhesabiwa tangu siku mtu alipoingia. Aliyetangulia ndiye mkubwa, aliyefuata ni mdogo, na mdogo humwamkia mkubwa. Mtu aliyepoteza kila kitu, alisema, angalau awe na tarehe moja ambayo ni yake kwa hakika.

Ilifanya kazi vizuri, ila ilikuwa na matokeo yake. Tatu, aliyekuwa na miaka sita kwa hesabu za dunia, aliletwa akiwa mchanga siku kituo kilipoanza. Kwa hiyo alikuwa dada mkubwa kuliko wote. Amiri, kijana aliyeanza kuota ndevu, alimwamkia shikamoo kila asubuhi. Hata mimi, na shahada yangu, nilimwamkia, na aliniitikia marahaba bila kuacha kutafuna muwa.

"Kabla hujaingia," Mama Yunis akamwambia mzee, "nieleze unataka nini. Usinifiche."

Mzee Mbaraka alivua kofia, akaivaa tena.

"Baba yangu amekufa akikaribia miaka mia. Mpaka wiki ile aliyolala kitandani alikuwa ananituma. Mbaraka, leta maji. Mbaraka, nani amefungua redio. Nina wajukuu wanaoendesha bodaboda, mama, lakini nikikohoa mbele yake nilikuwa naulizwa nina nini. Sasa hayupo. Siku ya arobaini ukoo utakaa, dua itasomwa, na kwetu mkubwa aliyepo pale dua inapoisha ndiye anayekalia kigoda cha marehemu. Mkubwa ni mimi. Kigoda hicho nimekingoja tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na nitakikalia, usidhani nimekikimbia. Lakini nikishakikalia, mimi siyo mtoto wa mtu tena mpaka nife. Sasa hapa katikati, tangu mazishi mpaka arobaini, mimi ni nani?"

Alinitazama mimi, akamtazama Mama Yunis.

"Ni yatima," akasema. "Na yatima hulelewa. Mimi sijawahi kulelewa. Mama alikufa mdogo wetu wa mwisho akinyonya, nikawalea wengine. Shule sikukanyaga. Nimebakiwa na huu mwezi tu."

 Mama Yunis akafungua geti.

Tatu alikuwa amekwisha kufika, amesimama na mikono nyuma kama mkaguzi.

"Ni wa leo huyu?" akauliza.

"Wa leo," akasema Mama Yunis.

"Mbona hajaniamkia?"

Nilitaka ardhi inimeze. Nilianza kumweleza mzee kwamba ni mchezo tu wa watoto, kwamba kwa heshima ya umri wake angeweza kuachiwa. Alininyamazisha kwa kiganja. Akaweka ndoo chini, akainama mpaka kofia ikakaribia kuanguka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekula?"

"Bado."

"Njoo ule. Ndoo atakubebea Amiri, wewe bado mdogo."

Ndivyo Mzee Mbaraka alivyokuwa mtoto wa mwisho wa kituo chetu.

Siku za kwanza nililala vibaya. Kila asubuhi aliniamkia, na kila asubuhi niliitikia marahaba huku nikipiga goti na kuangalia chini, hivi kwamba mtu aliyetuona kwa mbali asingejua nani anamheshimu nani. Nilimfuata nikamwomba, kati yetu wawili tu, aniache niwe namwamkia mimi.

"Mwalimu," akaniambia kwa upole, "tangu nimeota mvi watu wananiamkia na kuondoka. Hapa nikiamkia, naulizwa kama nimekula. Usininyang'anye."

Watoto hawakuwa na shida yoyote. Kwao sheria ilikuwa sheria, na mdogo alikuwa mdogo. Mdogo hupakuliwa kwanza, basi alipakuliwa kwanza. Mdogo hachoti maji kisimani kwa sababu njia inateleza, basi walimkalisha juu ya jiwe, wakamwachia kandambili zao azilinde. Sweta la kijani la kituo, kubwa kuliko yote, lilimfika mikono kwenye viwiko, na wasichana wawili walibishana kwa ukali nani atamfunga vifungo.

Siku moja nilimkuta bustanini ameshika jembe. Mtu yule alikuwa amelima bonde la Magoma maisha yake yote, viganja vyake vilikuwa vigumu kama soli. Alikuwa ameanza tu kurekebisha tuta la karoti, ambalo sisi tulikuwa tumeliharibu, Tatu alipotokea.

"Mdogo. Weka chini hiyo. Utajikata."

"Dada, nilikuwa naangalia tu."

"Unaangalia kwa mikono?"

Akaliweka. Nikaona amegeuka pembeni akicheka peke yake, mabega yakimtetemeka, na nilijua kwamba huenda ni mara ya kwanza tangu utotoni mtu kumwonea huruma kwa sababu ya jembe.

Darasani alikaa benchi la mbele, magoti yakigusa kidevu. Alishika penseli kama kisu cha kuchinjia. Tulipofika ba be bi bo bu alisoma kwa sauti ya kuitikia dua, na darasa zima likaanza kusoma hivyo, mpaka Mama Yunis akaja mlangoni kuuliza nani amefariki. Nikawaambia wachore familia zao. Yeye alichora ng'ombe. Nilipomuuliza watu wako wapi alisema wako nyuma ya ng'ombe, ndiyo maana hawaonekani.

Kijijini walianza kupita karibu na uzio makusudi. "Mwalimu," kijana mmoja wa dukani aliniuliza, "hicho ni kituo cha yatima au baraza la wazee? Nimlete na babu yangu?"

"Wazazi wake wako hai?"

"Wamekufa siku nyingi."

"Basi mlete," nikasema, na mara moja nikaogopa, kwa sababu niligundua kwamba sikuwa natania.

Aliyetusumbua zaidi alikuwa Jafari, mdogo wake Mzee Mbaraka, mwenye duka la pembejeo kule Magoma. Alipata namba yangu sijui wapi, akawa anapiga simu kila jioni.

"Mwalimu, kaka yangu amefaulu?"

"Bado tuko kwenye herufi, mzee wangu."

"Soko zima linaniuliza anasoma darasa la ngapi. Nimewaambia yuko Lushoto kwa ajili ya hali ya hewa. Mwambie arobaini inakaribia, na ukoo hauwezi kukaa bila yeye."

"Anajua."

"Mwambie tena. Asipokuwepo dua ikiisha, mkubwa aliyepo ni mimi. Mimi sikitaki kigoda hicho. Nina sukari, sina subira, na watu wakigombania mpaka wa shamba mbele yangu nitawapiga wote wawili. Kile ni chake. Na mila yetu hairudi nyuma, mwalimu. Mtu akishakikalia amekikalia."

Nilifikisha ujumbe. Mzee Mbaraka aliitikia kwa kichwa. "Nitakuwepo," akasema. "Nimeshafikiria hata maneno ya kuanzia. Nitasema, ndugu zangu, kaeni. Baba hakuwahi kumwambia mtu akae."

Siku moja kabla ya arobaini, kila kitu kilikuwa tayari. Lori la kabichi lingepita alasiri na kumshusha mpaka Korogwe, na kutoka pale angefika kwake jioni ileile. Watoto walimfungia godoro. Alikuwa amejifunza kuandika jina lake, na aliliandika kwa chaki kwenye ndoo, kwenye fyekeo, na kwenye mguu wa meza yangu. Wasichana walisema asafiri na sweta lake kwa sababu ya baridi. Tatu alimpa maelekezo marefu kuhusu kutozungumza na watu asiowajua.

Mchana ule mwenyekiti wa kitongoji akamleta Yusufu.

Alikuwa na miaka minne, labda mitano. Aliishi na bibi yake peke yao. Walilala pamoja, na asubuhi mtoto aliamka na bibi hakuamka. Mwenyekiti alisema tangu siku ile Yusufu hajalala usingizi wa kueleweka. Anakaa ameegemea ukuta, na kope zikianza kufunga anajifinya. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na alama nyekundu kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko.

Mama Yunis alimwogesha na kumwimbia. Hakulala. Amiri alimbeba mgongoni akizunguka uwanja. Hakulala. Walimkalisha bwenini, na Tatu akasimama mbele yake, akasema kama dada mkubwa anamwamuru alale, na mtoto akamtazama kwa macho makavu yaliyochoka na kuendelea kujifinya.

"Tumfundishe kuamkia kwanza," akasema Tatu, ambaye hakuwa mtu wa kukata tamaa. "Wewe Yusufu, uliyemfuata ni huyu hapa. Huyu ni kaka yako. Mwamkie."

Tulikuwa tumesahau. Kwa sheria ya geti, Mzee Mbaraka hakuwa mdogo wa mwisho tena.

Yusufu alimwangalia mzee aliyevaa sweta fupi. "Shikamoo," akasema. Lilikuwa neno la kwanza tulilolisikia kwake.

Mzee Mbaraka alianza kuinama, akajizuia. Mwezi mzima alikuwa ametoa tu shikamoo. "Marahaba," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyekabidhiwa kitu kizito bila kuambiwa. Akakaa chini ukutani, kando ya kitanda cha ghorofa mbili, karibu na mtoto. "Huna usingizi?"

"Ninao."

"Kwa nini hulali?"

Yusufu alifikiri. "Nikilala, utakufa?"

Nilikuwa na jibu tayari. Lilikuwa jibu zuri, la kitabuni, na lilikuwa la uongo. Mzee alinitangulia.

"Kufa sijui, mdogo wangu. Hilo siwezi kukuahidi, siyo langu. Lakini kuondoka, siondoki. Wewe lala. Ukiamka utanikuta."

"Hapa?"

"Hapahapa. Kwenye kitanda hiki, upande huu."

"Hapa haturuhusu mtu kufa bila kuniaga," Tatu akaongeza.

Yusufu alikubali kulazwa kitanda cha chini, na Mzee Mbaraka akakaa pembeni yake. Haikuwa rahisi. Kila mara kope zilipofunga mtoto alishtuka, akamgusa mzee, akaanza upya. Barabarani lori la kabichi lilipiga honi. Likapiga tena. Mzee hakugeuka. Nilikwenda kumwambia dereva aende.

Jioni nilimpigia Jafari. Nilimweleza kwamba kaka yake amemwahidi mtoto na lori limemwacha.

"Basi tutamfuata asubuhi na gari," akasema. "Mtoto atakuwa ameshaamka. Watoto huamka na kuku."

Watoto wote huamka na kuku, isipokuwa mtoto ambaye hajalala tangu azikwe bibi yake. Yusufu alishikwa na usingizi hatimaye kuku wa kwanza walipoanza kuwika. Aliposhikwa, alizama. Alilala mdomo wazi, mikono pembeni, amekamata ncha ya sweta la kijani.

Pikapu ilifika wakati wenzake wanakunywa uji. Walishuka wazee watatu wenye kanzu safi, Jafari mbele, mnene, mfupi, akihema kwa ngazi. Tatu alikuwa getini.

"Mmeingia leo?" akawauliza.

"Ndiyo kwanza tunaingia, mjukuu wangu. Kaka yangu yuko wapi?"

"Basi niamkieni."

Jafari alinitazama. Niliinua mabega. Nikamweleza sheria kwa kifupi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyozidi kukunjamana.

"Mimi nina viatu vyenye umri mkubwa kuliko wewe," akamwambia Tatu.

"Viatu vyako vimeingia leo pia."

Mmoja wa wazee, aliyekuwa na haraka kuliko wote, alisema, "Shikamoo, mama, tupite." Wa pili akafuata. Jafari aliangalia saa, akaangalia mlima, akasema shikamoo kwa sauti ya kumezea dawa chungu.

"Marahaba, wadogo zangu. Vueni viatu. Kuna mtu amelala."

Hivyo wazee wa ukoo waliingia bwenini kwa soksi, wakinyata kwenye sakafu ya saruji. Soksi ya Jafari ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilitangulia mbele yake kama kiongozi wa msafara. Walimkuta mkubwa wao amekaa kwenye ukingo wa kitanda, vifungo vimefungwa mpaka shingoni.

"Kaka," Jafari akanong'ona, "umevaa sweta la nani?"

"Langu. Shikamooni," akasema kwa mazoea ya mwezi mzima.

"Usituamkie, kaka, unatutia laana. Twende. Wali umeshapikwa, shehe ameshafika."

"Mtoto amelala."

"Naona. Mwamshe."

"Nilimwambia akiamka atanikuta. Kuamshwa siyo kuamka."

Jafari alikohoa. Yusufu hakusogea. Jafari alikohoa tena, kikohozi cha mtu mwenye duka, na Mama Yunis akaingiza kichwa mlangoni na kumwangalia mpaka kikohozi kikaisha. Mzee mmoja alipendekeza, kwa kunong'ona, kwamba kwa kuwa kilichoahidiwa ni kitanda na upande wa kitanda, basi kitanda kipakiwe kwenye pikapu pamoja na mtoto na mkubwa wao, na ahadi iende Magoma ikiwa nzima. Nilidhani ni mzaha. Walikuwa wamekwisha kukunja mikono ya kanzu.

Amiri nami tulishika upande wa miguuni. Sijui kwa nini nilishika. Nadhani nilitaka sana kwamba pawepo na njia. Tulikiinua kitanda cha ghorofa mbili, taratibu, Yusufu ndani yake, Mzee Mbaraka akitembea kando ameshikwa sweta, tukakifikisha mlangoni. Hapo kikagoma. Kitanda kile fundi alikichomelea ndani ya chumba. Hakikuwahi kupita mlango ule na hakikuwa na mpango wa kuupita. Tulikilaza upande kidogo, tukakirudisha. Mzee mwenye haraka akapima mlango kwa kofia yake. Yusufu akakoroma.

"Godoro basi," Jafari akasema, jasho likimtoka. "Mbebeni na godoro."

"Hapana," akasema Mzee Mbaraka. "Rudisheni kitanda mahali pake."

"Kaka."

"Akiamka njiani Mombo atanikuta mimi, lakini yeye mwenyewe atakuwa amepotea. Kirudisheni."

Tukakirudisha. Kisha hakuna aliyekuwa na wazo lingine, na wazee wakakaa sakafuni wakiegemea kuta, wakingoja mtoto aamke. Nje ukungu ulianza kupanda. Watoto walikuja mmoja mmoja kuchungulia, wakaketi pia. Kila Yusufu alipovuta pumzi kwa nguvu, bweni zima liliinua shingo. Kila alipogeuka upande, lilizishusha.

Mwishowe mzee mwenye haraka alionyesha saa yake. Kama wasingeondoka wakati ule, wasingeiwahi dua.

Jafari alichuchumaa mbele ya kaka yake. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mbaraka. Nisikilize. Nikikikalia, sitaweza kukurudishia."

"Najua."

"Umekingoja maisha yako yote. Baba alikuwa anakutukana mbele ya watoto wako na wewe unasema, ndiyo baba, nami nilikuwa najua unangoja nini. Usinifanye nikalie kitu chako."

"Najua, Jafari. Punguza sauti."

"Huyu mtoto hata humjui."

"Ameniamkia," akasema Mzee Mbaraka.

 Jafari akainuka kwa kushika nguzo ya kitanda, akaangalia ule unyayo mdogo uliochomoza kwenye blanketi, akatoka na viatu vyake mkononi. Wengine wakamfuata. Mlangoni Mzee Mbaraka alimwita, polepole.

"Anza kwa kuwaambia wakae."

"Nini?"

"Watu. Kabla ya neno lolote, waambie wakae."

Jafari aliitikia kwa kichwa, na hakugeuka tena.

Tulisikia pikapu ikishuka kona za Soni kwa gia nzito. Mzee alisikiliza mpaka sauti ilipopotea. Nilitaka kumwambia jambo, kwamba mila hutungwa na watu, kwamba labda wangemngojea, kwamba tungeweza kupiga simu. Nilimtazama nikaona anajua yote hayo na hayamsaidii. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya goti, umekunjika kama unashika mkongojo usiokuwepo. Mkono wa kushoto hakuutumia, kwa sababu upande ule ndio ulioshikwa sweta, na alihofia kuutikisa.

Tatu alimletea uji, akauweka sakafuni. Ulipoa, ukafanya ngozi juu.

Adhana ya adhuhuri ilipanda kutoka msikiti wa bondeni. Alifunga macho. Huko Magoma walikuwa wamekaa sasa kwenye mikeka, na nafasi moja mbele yao ilikuwa inajazwa. Aliinua kiganja kimoja tu, akaomba dua yake pale kitandani, midomo ikienda bila sauti. Alipomaliza alijipangusa uso kwa kiganja hichohicho, mara moja, kutoka juu mpaka kwenye ndevu.

Jua lilikuwa limeingia dirishani na kufika kwenye mto Yusufu alipofumbua jicho moja. Halikuwa jicho la mtu aliyeamka vizuri. Lilizunguka kwanza kwenye mbao za kitanda cha juu, likashuka ukutani, likafika kwenye sweta la kijani, likapanda kifungo kwa kifungo mpaka kwenye uso wa mzee. Likatulia hapo.

"Upo," akasema Yusufu.

"Nipo."

Jicho likafumba. Mkono ukaachia ncha ya sweta, ukaingia chini ya shavu, na mtoto akalala tena.